Nilimwita Mama kwa Sauti ya Marehemu Baba

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni ili msisome huku mkitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Si la Wajapani waliotengeneza ile mashine. Si la mwenye duka wa Kisumu aliyeniuzia. Wala msiniambie habari za shetani. Shetani hakuwepo siku hiyo. Nilikuwepo mimi na kidole changu.

Jina langu siandiki. Walio karibu nami hapa Nyansiongo watanijua hata hivyo, na wacha wanijue.

Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la tatu nikatoka, nikaenda kukamua ng'ombe wa mzungu. Uhuru ulipokuja na mashamba ya walowezi yakakatwa vipande, nilipata kipande changu palepale nilipokuwa nikibeba ndoo za maziwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilianza na ndizi, nikaenda mayai, nikaenda pareto, mwisho nikafungua duka. Na kitu kilichonipa heshima dukani ni redio.

Redio nilizijua kama wengine wanavyojua ng'ombe. Ungeniletea iliyofungwa ndani ya gunia, ningeinua tu nikuambie imetoka wapi. Ya Ulaya ni nzito, ina sauti ya kiume, lakini inakula mawe, yaani betri, kama nguruwe. Ya Kijapani ni nyepesi, haina ulafi, lakini ukiiangusha mara moja imebaki kukoroma. Watu walikuwa wakianika mawe ya redio juu ya bati yapate nguvu tena. Niliwaambia huo ni ujinga, wanunue mapya. Ukweli ni kwamba yanapata nguvu kidogo. Lakini mimi ni mfanyabiashara.

Na haya makampuni! Kila mwaka yana kitu kipya. Ni kama mwanamume anayeoa kila mavuno: mke wa mwaka jana hataki hata kumtaja. Kwanza tulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ikaja redio ya mawe, gramafoni ikaitwa takataka. Halafu ikaja ile redio ya kaseti, ambayo haisemi tu bali inasikia pia. Unabonyeza kitufe chekundu, inanasa sauti yako na kuiweka.

Upande wote huu wa Borabu mimi nilikuwa wa kwanza kuwa nayo. Nilijivuna, sitawaficha. Niliiweka sebuleni juu ya meza ndogo, mke wangu akaishonea kitambaa chenye maua. Wageni walipokuja walisalimiana na mashine kabla ya kusalimiana na mimi.

Wazazi wangu walikuwa wakiishi nami boma moja. Nyumba yao na jiko la mama vilikuwa chini kidogo, nyuma ya migomba, mahali ambapo ukiita kwa sauti unasikika. Siku moja baba akapanda kuja kuitazama hiyo mashine. Aliikagua mbele na nyuma kama fahali wa mnada.

"Inasikia?" akauliza.

"Inasikia kila kitu, baba."

"Na haijibu?"

"Haijibu. Inaweka."

"Kitu kinachosikia na hakijibu ni mpelelezi," akasema. "Sisemi neno mbele yake."

Akaketi, akanyamaza kweli! Mzee aliyekuwa hanyamazi hata kanisani. Nami nikafanya ujanja. Nikajifanya nakunja kitambaa, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikafunika. Tukakaa. Akakohoa. Akamfukuza mbwa mlangoni. Akalalamika kwamba bei ya maziwa inafanywa na watu wasiojua ng'ombe ana miguu mingapi. Halafu, kama kawaida yake kila jioni, akageukia dirisha akamwita mama.

Alimwita kwa jina lake la usichana. Jina hilo sitaliandika. Lilikuwa jina la kwao alikozaliwa, kabla hajaolewa. Sisi sote tulimwita mama au nyanya, na majirani walimwita mama fulani. Waliokuwa wakimwita kwa jina lile walikuwa wamekufa wote, isipokuwa baba. Lilikuwa limebaki mdomoni mwa mtu mmoja tu duniani.

"We!" akaita, na jina hilo. "Chai iko wapi? Au umeenda kuyapanda hayo majani yenyewe?"

Na huko chini mama akaitikia, "Ee! Nakuja!" Lakini alikuwa mbali, mashine haikumnasa. Ilimnasa baba peke yake.

Chai ikaja. Mama alimpa mke wangu birika mlangoni akarudi haraka kwa ng'ombe wake. Ndipo nikafunua kitambaa, nikarudisha utepe nyuma, nikamchezea baba sauti yake.

Alishtuka. Halafu akasogeza sikio. Halafu akaniambia nirudie.

"Huyo ni mimi?" akauliza. "Mbona ana sauti ya babangu?"

Alicheka mpaka akatoa machozi. Akasema, "Mama yako usimwonyeshe. Atasema nimemwita mara mbili kwa chai moja, na kesho hataleta hata hiyo moja."

Nasi tukacheka. Mama hakuonyeshwa.

Baba hakuugua muda mrefu. Kifua kilimbana wakati wa mvua kubwa, tukampeleka hospitali, akarudi akiwa ndani ya sanduku. Tulimzika kando ya nyumba yake. Mama alinyolewa nywele kama wajane wanavyonyolewa, akakaa chini na wanawake wa ukoo siku zilizotakiwa, halafu watu wakarudi makwao. Akabaki na jiko lake na ule ukimya. Jioni ikifika, nilimwona akisimama mlangoni pa jiko bila sababu. Sasa najua alikuwa akisimama kwa nini. Ilikuwa saa ya kuitwa.

Mahindi ambayo baba alipanda kwa mkono wake yalikuwa bado shambani siku nilipofanya kosa.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili kwetu ni siku ya kazi na wageni. Alinitembelea rafiki yangu, mfanyabiashara wa Nyamache. Nitamwita Bwana Sahani, kwa sababu alikuwa akiuza sahani za santuri na hakuna kitu alichokipenda kama hizo. Alikuwa amevaa kofia mpya. Tulikuwa tumezoeana kwa kukejeliana.

"Kwa hiyo hii ndiyo mashine watu wanayoisema?" akasema. "Nilidhani ni kubwa. Hii si mtego wa panya?"

"Inategemea," nikamwambia. "Leo imemnasa panya mwenye kofia."

Mke wangu akacheka akiwa anamimina chai. Bwana Sahani hakukubali kushindwa.

"Sikiliza, bwana. Sahani zangu zina sauti za watu waliokwenda Nairobi wakaimba mbele ya wataalamu. Zako zina nini? Mbuzi wako? Jogoo? Kampuni inakuuzia utepe mtupu, na wewe unalipa! Mtu hununua chungu kitupu, lakini hanunui santuri tupu."

"Nina sauti ambayo wewe na sahani zako zote hamwezi kuinunua."

"Ya nani? Ya yule gavana wa wakoloni?"

Hapo ndipo kiburi kilinipanda kichwani. Ningeweza kusema basi. Ningeweza kumwekea kwaya ya kanisa, nilikuwa nimeinasa. Lakini nilitaka kumnyamazisha. Nikatia mawe mapya, nikaweka utepe wa baba, nikafungulia sauti hadi mwisho.

Baba akakohoa sebuleni kwangu. Bwana Sahani akavua kofia. Alimfahamu mzee vizuri, alikuwa amechangia sanduku lake. Baba akamfukuza mbwa, na mbwa yuleyule aliyekuwa amelala barazani akainuka akakimbia! Mimi nikapiga paja kwa kicheko. Baba akaisema bei ya maziwa. Halafu akaita.

Lile jina. Kwa nguvu. Dirisha lilikuwa wazi.

Na kutoka nyuma ya migomba nikasikia, "Ee! Nakuja!"

Ee Mungu wangu! Sauti ile! Sikuwa nimemsikia mama akiitikia hivyo tangu msiba. Ilikuwa sauti ya msichana. Haikuwa na swali ndani yake. Mtu aliyeitwa, ameitika.

Alikuwa akipepeta maharagwe. Alikuja akikimbia na uteo mkononi, maharagwe yakimwagika njia nzima, yule mama mwenye magoti mabovu. Akaingia akihema. Hakunitazama mimi. Hakumtazama mgeni. Alitazama kiti cha baba. Halafu nyuma ya mlango. Halafu tena kiti.

"Yuko wapi?" akauliza.

Na mimi nilicheka.

Nimesema niandike ukweli, na huu ndio ukweli wenyewe. Mama yangu mzazi, kichwa kimenyolewa, uteo mkononi, ananiuliza mumewe yuko wapi, na mimi nilicheka kwa sababu mashine yangu ilikuwa nzuri kiasi cha kumdanganya mke wa mtu. Nikamwambia, "Mama, ni redio! Tazama!" Nikarudisha utepe. Nikabonyeza. Baba akamwita mara ya pili, mbele ya uso wake, kutoka kwenye kisanduku chenye kitambaa cha maua.

Mama akaketi sakafuni.

"Nimeitikia," akasema.

"Si kitu, mama, ni utepe tu."

"Nimekwisha kuitikia."

Kwa wasiokuwa wa kwetu niwaeleze. Huku Gusii mtoto anafundishwa mapema: ukisikia sauti inakuita na huoni mtu, nyamaza. Subiri umwone. Kwa sababu marehemu akikuita nawe ukaitikia, umekubali kumfuata. Kanisani tunafundishwa kwamba aliyekufa amelala na hajui kitu, na mimi nasema amina. Lakini mpeleke huyo mwenye kusema amina nyuma ya migomba, umwite bila kuonekana, uone kama ataitikia! Mama alikuwa amenifundisha jambo hilo mwenyewe nikiwa mdogo kuliko ndama. Yeye hakuwahi kukosea maisha yake yote. Alikosea siku hiyo tu, kwa sababu jina lile hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Bwana Sahani aliondoka bila kumaliza chai. Mlangoni akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nauza sahani. Lakini hii yako sitaki hata kuiota."

Baada ya hapo mama akaanza kujitayarisha.

Hakulia. Hakugombana. Alianza kugawa vyungu vyake. Kile cha kupikia uji wa wimbi akampa jirani. Jembe lake akalileta kwa mke wangu akasema, "Hili mpini wake ni mzuri, usiwape watoto." Alikula kama ndege. Msimu wa kupanda ulifika, akatazama shamba lake dogo la mboga akasema atakayekuwepo atapanda.

Alinijia mara moja tu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu, mtoe baba yako humo ndani. Kama amenikosa sana, mimi nitamfuata. Lakini asikae kwenye kisanduku. Ana kifua kibaya."

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia aache mambo ya kizamani, mimi nina wateja.

Mke wangu alinikalia kooni. "Mama ya mtu anagawa vyungu, na wewe unaifuta mashine vumbi!" Akaniambia jambo la kufanya, na lilikuwa jambo rahisi. "Waite wazee wa ukoo. Waite wazee wa kanisa wawili. Piga magoti mbele yake, useme nimekukosea, nilikuita kwa mdomo usio wangu. Wamwombee, ule naye chakula kimoja. Basi."

"Mimi nipige magoti?" nikasema. "Kwa sababu ya mawe ya redio?"

"Kwa sababu ya mama yako, baba watoto."

Sikutaka. Mimi, niliyejenga nyumba ya mabati bila msaada wa mtu, nipige magoti mbele ya wazee ambao hawajui hata eriali ni nini? Nilisema ugonjwa umeletwa na mashine, na mashine itautibu. Nitamwonyesha mama kwa macho yake kwamba humo ndani hakuna mtu. Nilijiona mwerevu. Ole wangu! Kosa la kwanza, lile cheko, lilikuwa la upumbavu. Hili la pili nililifikiria, nikalipanga, nikaliita akili.

Nikamwita mama sebuleni mchana, mke wangu akiwepo. Nikamkalisha kwenye kiti. Nikacheza sauti ya baba kidogo, mama akafumba macho.

"Sasa tazama," nikasema. "Kama baba yumo humu, hatakubali nimfute."

Nikarudisha utepe hadi mwanzo. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nikainamia mashine, na kwa kuwa sikuwa nimepanga la kusema, nikasema yale niliyoyasema kila siku ya soko: "Njooni dukani! Njooni Nyansiongo! Redio imara, mawe mapya, sabuni, chumvi, taa za mafuta za kila aina, mwenye duka ni mtu wa haki, njooni nyote!" Nikaendelea hivyo, nikirudia, nikiongeza vitu ambavyo hata sikuwa navyo, mpaka nilipokadiria baba amekwisha.

Halafu nikamchezea. Redio imara. Mawe mapya. Sabuni. Kikohozi hakipo. Mbwa hayupo. Jina halipo.

"Umeona, mama?" nikasema kwa furaha. "Hakuna mtu! Ni utepe tu!"

Mama aliitazama ile mashine. Halafu akanitazama mimi.

"Alikuwa ameketi hapa," akasema. "Wewe umekuja ukaketi juu yake."

Akainuka akaenda zake. Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. Nikamuuliza nini tena, si nimemaliza maneno?

Na sikilizeni, mama alipona! Hilo ndilo lililonifanya nizidi kuwa mjinga. Wiki hiyohiyo alianza kula. Akalichukua tena jembe lake kwa mke wangu, akapanda mboga zake. Aliyekuwa akimwita hayupo tena, kwa hiyo safari imevunjika. Nikatembea sokoni kifua mbele. Nikamwambia Bwana Sahani kwamba daktari hahitajiki, mashine imeharibu na mashine imetengeneza. Alinisikiliza akasema tu, "Haya." Alikuwa haachi mzaha, lakini siku hiyo aliuacha.

Mpaka jioni moja nilipopita karibu na jiko nikaita, "Mama!"

Kimya.

Nikaita tena. Nikasogea. Alikuwepo! Ameketi mlangoni, anamenya viazi, ananitazama. Hakuwa kiziwi. Hakuwa amekasirika usoni. Alinitazama tu mdomo.

"Mama, nakuita."

Akaweka kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa ya siku moja. Msinielewe vibaya, alisema nami. Angeniambia ng'ombe ametoka zizini, au mvua itaharibu pareto iliyoanikwa. Alinipikia. Aliwabariki watoto wangu. Lakini nikimwita, haitikii. Sebuleni, shambani, njiani kuelekea kanisani mbele za watu, "Mama!", na yeye anaendelea kutembea. Wengine aliwaitikia baada ya kuwaona uso. Mimi hata akiniona uso, hapana.

Mke wangu alimuuliza siku moja wakivuna maharagwe. Mama akamwambia, "Huyo ni mtu anayeweza kutoa sauti kwa mtu na kuiweka ndani ya kitu. Akiniita nitajuaje ni yeye? Na nikimwitikia, hiyo 'Ee' yangu ataipeleka wapi?"

Niliposikia hivyo nilitaka kwenda kupiga magoti. Nawaambia nilifika mpaka kwenye migomba. Nikasimama pale. Nikajiambia nitakwenda baada ya soko la Jumatatu. Halafu baada ya mavuno. Kiburi ni kitu kizito, nacho hakiozi.

Katika miaka hiyo alikuja mdogo wangu, yule anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Baba alipofariki alifika kaburi limekwisha kufunikwa, maana mvua ilikuwa imeharibu barabara. Aliketi, akanywa chai, akazungukazunguka na maneno, mwisho akasema kwa aibu:

"Kaka, nasikia unaye baba."

"Nani kakuambia?"

"Bwana mmoja wa Nyamache. Amesema anakohoa vilevile. Nataka kumsikia tu. Hata nikimsikia anagomba."

Nilitaka kudanganya kwamba utepe umekatika. Sikuweza. Nikauweka, nikatoka nje. Nikamwacha na sabuni na chumvi na taa za mafuta. Nilimwona dirishani akisikiliza lile tangazo langu lote bila kuinua kichwa. Nilipokoma kusema hakuzima. Aliendelea kusikiliza utepe mtupu ukizunguka, upande wote, akigeuza upande wa pili, akingoja. Mwisho akaniita kwa sauti ya kunong'ona.

"Hapa. Njoo usikie. Baada ya maneno yako kuna kikohozi."

Nikasikiliza. Kweli kipo. Kidogo, kama mtu aliye chumba kingine. Lakini sijui kama ni cha baba kilichobaki pembeni au ni changu mwenyewe kabla sijazima. Nilimwambia sijui. Aliutoa utepe, akaufunga kwenye leso, akaenda nao Kericho. Hakuniomba, na mimi sikumzuia.

Mama alifariki kiangazi kilichopita.

Aliugua akiwa nyumbani kwake, hakutaka hospitali. Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi, ng'ombe wanakamuliwa. Alikuwa na akili zake timamu. Alimtaja mke wangu, akawataja wajukuu, akauliza kama mdogo wangu amepata habari. Nikaketi kando ya kitanda. Mke wangu akanigusa bega.

"Mwite," akaniambia. "Mwite polepole."

"Mama," nikasema.

Hakuitikia. Macho yalikuwa wazi, ananitazama mdomo kama siku zote.

Hapo ndipo nilipopiga magoti. Hakuna aliyenisukuma. Mashujaa wa Nyansiongo hupiga magoti wakati umekwisha kupita! Nikasema, "Mama, nimekukosea. Nilikuita kwa mdomo usio wangu. Ni mimi sasa. Mama."

Akatoa mkono kwenye blanketi. Mkono ule wa jembe, mwepesi kama jani la mgomba lililokauka. Akaniwekea vidole kwenye midomo. Nikaelewa anachotaka. Nikasema tena, "Mama," na vidole vyake vikiwa palepale, akihisi kama sauti inatoka humo kweli.

Alihisi. Alimgeukia mke wangu akamwambia, "Ni yeye."

Nilingoja ile "Ee." Nilingoja huku vidole vikiwa midomoni mwangu, mpaka vikapoa. Haikuja.

Mke wangu husema "ni yeye" inatosha, kwamba hapo alinisamehe. Labda. Yeye ni mwanamke mwema. Mimi nasema alinitambua, na kutambuliwa si kuitikiwa.

Sitawadanganya kwamba nilifunga duka. Bado nauza redio, na hizo za kaseti siku hizi ni nyingi, kila kijana mwenye mshahara anataka moja, na mwakani makampuni yataleta nyingine itakayowafanya muionee aibu hii. Nunueni. Sina ugomvi na chuma. Kila mashine inakuja na kijitabu cha kukuambia usiilowanishe, usiiweke juani, usichanganye mawe ya zamani na mapya. Nimekiangalia chote, nikasomewa na walimu. Hakuna mahali pamekatazwa kumwita mjane kwa sauti ya mumewe. Hilo kampuni haikulijua. Lilikuwa letu sisi kulijua, na mimi nililijua.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi vijana mnaonasa wazee kwa siri halafu mnacheka! Mwombeni mtu ruhusa kabla ya kuiweka sauti yake. Akifa, iulizeni kwanza nyumba yake kama inataka kuisikia. Na ukikosea, piga magoti siku hiyohiyo, kabla hujapata muda wa kuwa mwerevu.

Wewe ambaye leo ukiita "Mama!" unajibiwa "Ee" kutoka jikoni, hujui una nini. Mimi nina rafu zimejaa sauti za kila aina, za Ulaya na za Japani, na hiyo moja sina, wala hakuna ninakoweza kuiagiza.